Fundi, Nisome Nini?

Huu ni mwaka wa kumi na nne nashona barazani, kwenye moja ya yale majengo ya zamani yenye nguzo, si mbali na Soko Kuu la Moshi. Nyuma ya cherehani yangu, mahali ambapo mafundi wenzangu hutundika magauni ya mfano, nimepigilia rafu ya mbao yenye vitabu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofariki aliacha sanduku la bati limejaa riwaya, diwani na tamthilia za Kiswahili, nyingi za miaka ya 60 na 70, karatasi zimeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Kaka zangu waligawana kihamba, shamba la ukoo, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nikaomba sanduku. Nililishusha mjini kwa sababu mchwa walikuwa wameshaanza kulionja.

Sikuwa na mpango wa kuazimisha. Wateja ndio walioianzisha kazi hiyo. Anayesubiri suruali ipunguzwe ana nusu saa ya kukaa kwenye benchi. Januari ni sare za shule. Desemba, watu wanapopanda kutoka Dar kuja kula Krismasi nyumbani, ni magauni ya kipaimara na ya harusi, na benchi halina nafasi. Siku moja mama mmoja akanyoosha mkono akachukua kitabu, nguo yake ikawa tayari kabla hajakimaliza, akaomba aende nacho. Toka hapo swali likawa halikauki: "Fundi, nisome nini?"

Kwa muda mrefu nilijibu bila kufikiri. Nilitaja kitabu nilichokipenda mimi.

Kilichonikomesha ni kijana mmoja aliyekuja na dada yake. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na matokeo hayakuwa mazuri. Alikuwa kimya, anajibu kwa kichwa. Dada yake akasema, "Fundi, mpe huyu kitabu, anakaa ndani tu." Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi. Nilikiona kitabu kikubwa, na bado nakiona hivyo. Kilitoka 1974, na mwandishi, mzaliwa wa Ukerewe, aliuliza humo maswali ambayo riwaya yetu ilikuwa haijazoea kuyauliza: kuishi kuna maana gani, elimu inampeleka mtu wapi, kwa nini msomi anarudi kijijini akiwa mgeni kwao. Nilifikiri, huyu ni kijana aliyesoma, anawaza mambo mazito, atajiona humo.

Alijiona, na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Anayeijua riwaya ile anajua Kazimoto, mhusika wake mkuu, anaishia wapi: anakatisha maisha yake mwenyewe. Wiki ya pili dada yake alirudi peke yake, kitabu kimefungwa kwenye kanga. Hakupandisha sauti. Aliniambia amekuta mdogo wake amepigia mistari sehemu fulani kwa kalamu, akasoma sehemu hizo, kisha akakaa usiku kucha akimaliza kitabu chote ajue kinakwenda wapi. Akaniuliza, "Dada, ulijua mwisho wake?" Nilijua. Nilikuwa nimekisoma mara tatu.

Niliifunga kazi siku hiyo saa nane mchana, tukaongozana kwao Pasua. Sikwenda na kitabu. Tulimenya ndizi za mtori pamoja, mimi, dada yake na yeye, na ilipofika jioni alikuwa ameongea maneno ambayo dada yake alikuwa hajayasikia kwa miezi. Wakampeleka hospitali, akapata mtu wa kuzungumza naye aliyesomea kazi hiyo, na anaendelea vizuri. Ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru dada yule kuliko ninavyoweza kusema. Ila tangu siku hiyo simpi mtu kitabu kabla ya kumwangalia vizuri. Ubora wa kitabu ni jambo moja, na saa aliyonayo msomaji ni jambo lingine. Kichwamaji kipo kwenye rafu yangu mpaka leo, ila kinakaa juu kabisa, na anayekitaka lazima anisimulie kwanza habari zake.

Sasa, kabla sijanyoosha mkono, nauliza. Kitabu gani cha mwisho ulikianza ukakimaliza? Unasomea wapi, kwenye daladala au kitandani? Unasoma peke yako au kuna mtu unamsomea? Halafu naacha mtu aongee. Mteja akija kupimwa gauni hasemi "nina nyonga pana"; unaiona mwenyewe ukishamzungushia futi. Kwenye vitabu ni hivyo hivyo. Mtu atasema anataka "kitabu cha maendeleo", na ukimsikiliza dakika kumi unagundua ameachwa na mchumba.

Jambo jingine nililolazimika kulifuta kichwani ni dharau niliyorithi kwa baba. Yeye alizigawa riwaya mafungu mawili: zenye uzito, na zile alizoziita za kupotezea muda. Za upelelezi aliziweka chini kabisa ya sanduku, ingawa alizinunua na ukurasa wa mwisho wa kila moja umechakaa kama wa kwanza. Nami nikaendelea kuzificha hivyo, mpaka alipokuja kijana wa bodaboda kutoka kijiwe cha kona kushonewa zipu ya jaketi. Aliniambia hajamaliza kitabu hata kimoja tangu atoke darasa la saba. Nikampa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na mpelelezi Bwana Msa anakaa na kiko chake anafumbua kilichowashinda wengine. Kijana alikirudisha baada ya siku nne. Hakusema kitu kuhusu ubora wa lugha. Alisema, "Fundi, kumbe ni yule!" Kisha akataka kingine.

Akapewa riwaya za wapelelezi wengine: Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Alivisoma kijiweni akisubiri abiria, na wenzake wakaanza kupokezana, mpaka Kufa na Kupona ya Musiba ikarudi haina jalada. Sikukasirika. Nililishona jalada jipya kwa kipande cha turubai. Mwezi wa tano au wa sita hivi akauliza kama kuna kitabu kuhusu "watu wa kazi kama sisi". Hapo ndipo nilipompa Kuli cha Adam Shafi: Rashidi, mchukuzi wa mizigo bandarini Zanzibar, na mgomo wa 1948. Siku aliyokirudisha alikaa kwenye benchi langu karibu saa nzima, pikipiki imezimwa, akinieleza jinsi wachukuzi wale walivyoamua kusimama pamoja, na kwa nini kijiwe chao kinashindwa kukubaliana hata bei ya kwenda hospitali ya KCMC. Kama ningemwanzishia Kuli siku ya kwanza, nina hakika angekirudisha ukurasa wa ishirini. Bwana Msa ndiye aliyemfungulia mlango. Namshauri yeyote mwenye kijana asiyependa kusoma: msione haya kumpa riwaya ya upelelezi. Mpeni.

Wazee ni kazi nyingine. Kuna babu mmoja wa Kibosho aliyekuwa akiniletea makoti yake ya kanisani. Kila nikimtajia kitabu ananijibu hana muda wa kusoma uongo. Riwaya kwake ni uongo uliochapwa. Nikamtafutia Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Petro Itosi Marealle, mtu wa ukoo wa mangi, yaani chifu, wa Marangu, kilichoandikwa 1947. Ni kitabu cha mila: kuzaliwa, kuoa, kuzika, matambiko, imani juu ya wafu. Babu alikichukua kwa mikono miwili. Kilirudi baada ya miezi miwili, na pembeni mwa kila ukurasa kuna penseli. "Hii ni ya Marangu." "Kibosho hatukufanya hivi." "Kweli kabisa." "Mama yangu aliniambia vingine." Sehemu moja ameandika jina la bibi yake na wimbo wa mistari minne kwa Kichagga.

Niliona nimepewa kitabu cha pili ndani ya kile cha kwanza. Nikamwomba asifute chochote. Sasa kila mzee anayesema hapendi kusoma namtafutia kitabu anachoweza kubishana nacho, na namwekea penseli ndani. Wakutubi watanilaumu. Lakini vitabu hivi ni vyangu, na nimeona mjukuu aliyekuja kuchukua koti akisimama hapa barazani kusoma maandishi ya babu yake, midomo inacheza.

Mzee mwingine wa ukanda wa kahawa alikuwa na jeraha la namna yake. Aliomba hesabu za fedha kwenye mkutano wa wanachama wa chama chao cha msingi cha ushirika, akaishia kutengwa na kuitwa mchochezi. Huyu nilimpa Kusadikika cha Shaaban Robert, cha 1951. Nchi inayoelea hewani, Karama anashitakiwa kwa sababu ametaka kufundisha watu uanasheria, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema, wakarudi nayo, wakaadhibiwa. Mzee aliniambia alisoma polepole kwa sababu sentensi za Shaaban zinataka uzitafune. Alinukuu maneno ya Karama kwenye mkutano uliofuata. Sijui kama yalisaidia chama, ila yeye alirudi kwangu amenyooka mgongo.

Kuhusu ushairi nina neno la peke yake, kwa sababu ndio watu wanaouogopa zaidi. Shuleni wamefundishwa kuhesabu mizani na vina kama mtu anayehesabu vifungo vya shati bila kulivaa. Hakuna aliyewahi kuja kwangu akisema, "Nipe diwani." Nimewapa bila wao kuomba, na mara chache nimekosea.

Alikuja baba mmoja wa makamo na mfuko wa vitenge. Vilikuwa magauni ya marehemu mkewe. Aliniomba niyafumue nishone foronya, moja kwa kila binti, watatu. Nilifumua mishono ile taratibu, yeye amekaa pale, hasemi. Wakati wa kuondoka nilimpa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, nikamwekea uzi mwekundu kwenye shairi ambalo Shaaban Robert alimwandikia Amina, mke wake aliyefariki. Nikamwambia jambo moja tu: usilisome kimya. Shairi letu limetungwa liingie sikioni, lighaniwe. Ukilisoma kwa macho peke yake umekula ndizi mbichi. Alikuja kuchukua foronya baada ya wiki. Akaniambia binti yake mdogo alimsikia usiku akidhani baba anasali, akaja kukaa mlangoni. Basi wakawa wanalighani wote wanne. Kile kitabu sikukidai tena.

Kwa akina mama wanaoozesha mabinti nimewahi kuutoa Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, ambao mama aliyekuwa mgonjwa alimtungia bintiye. Lugha ni ya kaskazini, ya Lamu na Pate, kwa hiyo tafuta chapa yenye maelezo ya maneno. Sikubaliani na yote anayomwagiza binti kuhusu mume, na nawaambia hivyo waziwazi. Ila ile sauti ya mama anayejua muda umekwisha, anayetaka kuacha kitu mkononi mwa mwanawe, hakuna kitabu cha malezi nilichowahi kukisoma kinachoifikia.

Tamthilia nawapa wanafunzi wa sekondari, na nawapa wawiliwawili. Wasichana wakisubiri sketi wanagawana wahusika. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, imesomwa kwenye benchi hili mpaka wauza mitumba wakasogea kusikiliza. Vita vya Majimaji wanavijua kwa tarehe, 1905 hadi 1907. Wasichojua ni kile anachokabiliwa nacho Kinjeketile mwishoni, anapotakiwa aseme kwamba maji ya kukinga risasi yalikuwa uongo, na kwa nini anakataa. Hapo huwa wanabishana, na mimi nasimamisha cherehani.

Msichana ninayemfundisha kazi aliishia darasa la saba na anasoma taratibu, kidole kwenye mstari. Nilimpa Wasifu wa Siti binti Saad, tena wa Shaaban Robert, kwa sababu ni kifupi na ni maisha ya mtu kweli. Siti, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alizaliwa Fumba, akauza vyungu, hakujua kusoma wala kuandika, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Alipofika hapo mwanafunzi wangu aliuliza, "Na hakujua kusoma?" Nikasema hakujua. Akaendelea na kidole chake.

Wapo wanaoona haya kusoma tafsiri, wakidhani ni kitabu cha mkono wa pili. Mwanafunzi anayehangaika na Things Fall Apart cha Chinua Achebe kwa Kiingereza namwambia asome kwanza Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute, ndipo arudi kwenye Kiingereza. Shamba la Wanyama cha George Orwell, alichokitafsiri Fortunatus Kawegere, kimewachekesha na kuwatia hofu watu wazima hapa kuliko kitabu kingine chochote cha wanyama. Lakini tafsiri ninayotaka kuizungumzia hasa ni Peponi.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, watu waliuliza kwa wiki nzima: "Fundi, una kitabu cha yule Mzanzibari?" Sikuwa nacho, na vilivyokuwepo vilikuwa vya Kiingereza. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise, ilitoka 2022, na nilipoipata nilinunua nakala moja, mpya, kwa hela ya gauni zima la harusi.

Aliyeichukua kwanza ni mama anayeuza ndizi sokoni. Nilisita, kwa sababu nilijua kidogo habari zake: alitolewa kijijini akiwa na miaka 11 kwenda kufanya kazi za ndani Arusha, kwa mtu aliyekuwa akimdai baba yake. Na Yusuf wa kitabu kile ana miaka 12, anaondoka na mfanyabiashara Aziz akidhani ni ndugu, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba. Baada ya lile kosa la Kichwamaji sikutaka kurudia. Basi nilimweleza yote kabla hajakigusa: kitabu kinahusu nini, kinaanzaje, kitauma wapi. Nikamwambia anaweza kukiacha katikati na hatakuwa amenikosea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nipe."

Alisoma majira ya mchana soko linapopoa, amekaa nyuma ya mikungu yake. Alipofika mahali Yusuf anapoambiwa ukweli alikuja barazani kitabu kimefungwa na kidole ndani. Akakaa. Baada ya muda akasema, "Huyu angalau aliambiwa. Mimi sikuambiwa na mtu. Nilijijulia mwenyewe nikiwa mkubwa." Kisha akafungua akaendelea kusoma pale pale, nami nikaendelea kushona, na tulikaa hivyo mpaka taa za maduka zikawashwa. Amekisoma mara mbili. Amemwambia binti yake mkubwa akisome pia; habari zake mwenyewe hakuwahi kumsimulia kwa mdomo.

Sina kila kitu kwenye rafu hii, na kuna pengo linaloniuma. Watoto wadogo nawapa Hekaya za Abunuwasi, wanacheka na mama zao wanapata utulivu. Lakini kuna mvulana wa darasa la sita, huwa analeta sare za mdogo wake, ambaye hataki hekaya. Anataka kujua kwa nini mwezi unaonekana mchana, na kwa nini kilele cha Kibo kina theluji na sisi huku chini tunatoka jasho. Anataka kitabu cha kumweleza, kwa Kiswahili, kwa kirefu, mtoto wa umri wake. Kwenye sanduku la baba nilipata Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, ya 1990. Nikampa nikiona aibu, maana kamusi haisimulii. Ameisoma kama riwaya. Ameshafika herufi M, na amejitengenezea daftari la maneno.

Ijumaa anakuja kuchukua kaptula. Kesho asubuhi, kabla sijafungua, napita Maktaba ya Mkoa kuuliza, na wakikosa nitampigia muuza vitabu vilivyotumika ninayemfahamu Arusha. Kama una kitabu cha namna hiyo kimekaa kabatini, nipo barazani kuanzia saa mbili, cherehani ya tatu kutoka kona.